Ladha za sigara za kielektroniki: tulizo la uchu au chambo kipya?

Mvutaji wa Muscat anayetaka kuachana na sigara hujikuta kati ya hoja mbili zinazovutana. Oman ilipiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki mwaka 2015, na mwaka 2023 Mamlaka ya Kumlinda Mtumiaji ikalikazia upya katazo hilo, pamoja na shisha za kielektroniki na vifaa vyake.

Hata hivyo, Umoja wa Falme za Kiarabu uliruhusu biashara hiyo mwaka 2019. Kwa familia za Waswahili wa Oman zenye jamaa Dubai na London, habari za mvuke wenye ladha ya embe au mnanaa si ngeni. Wapo wanaoamini kuwa ladha hizo huondoa uchu wa sigara. Je, ni kweli?

Uchu hutoka wapi?

Moshi wa sigara huifikisha nikotini kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu. Huko huchochea kutolewa kwa dopamini, kemikali inayohusika na hisia ya kuridhika. Nikotini ikipungua, mwili huidai, hali ambayo vijana wa Dar es Salaam huiita arosto. Kwa kawaida wimbi la uchu hupita baada ya dakika chache.

Lakini nikotini si kisa chote. Utafiti umeonyesha kuwa wavutaji waliopewa sigara zisizo na nikotini walipata nafuu ya muda mfupi. Mkwaruzo wa kooni, harufu na mkono unaopanda mdomoni vyote vimo katika mazoea. Ndiyo maana aliyezoea kuvuta baada ya kahawa ya iliki huweza kushikwa na uchu kwa kuinusa kahawa tu.

Kazi ya ladha

Ladha tamu hufunika ukali wa nikotini. Mentholi, inayopatikana katika mnanaa, huamsha vipokezi vya baridi na kulituliza koo. Hivyo ladha humfanya mvutaji aupende mvuke, na huenda ikamtenga na ladha ya tumbaku inayomkumbusha sigara.

Upande wa pili ni kwamba kinachotuliza uchu leo huweza kuwa kichocheo cha uchu kesho. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya waliotumia tiba nyingine za nikotini. Lakini katika kundi hilo la kwanza, asilimia 80 ya walioacha walikuwa bado wanavuta mvuke.

Washiriki walijichagulia ladha, kwa hiyo jaribio hilo halikupima nguvu ya ladha yenyewe. Tathmini za tafiti zilizolinganisha ladha hazijathibitisha kuwa matunda au peremende huwasaidia watu wazima kuacha kuliko ladha ya tumbaku.

Hofu ya serikali

Ladha inayomvuta mtu mzima humvuta mtoto pia. Kwa sababu hiyo, Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zizipige marufuku ladha zote katika sigara hizo. Uganda ilikuwa imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2015 ilizikataza kabisa sigara za kielektroniki.

Njia iliyopo

Kwa anayeishi Oman, hoja ya ladha haifungi mlango wa kuacha. Tiba za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Plasta hutoa nikotini polepole mchana kutwa, na chingamu yenye nikotini hukabili uchu wa ghafla. Kuzitumia pamoja huleta matokeo bora kuliko kutegemea moja, na daktari ndiye wa kuelekeza kipimo.

Iliki au karafuu mdomoni haitibu uraibu, ila huupa ulimi shughuli wakati wimbi linapita. Anayevuta mvuke huku akiendelea na sigara, hata uwe na ladha gani, bado anaupeleka moshi wa tumbaku mapafuni.