Mhadhiri na mlango wa mkuu wa idara

Mhadhiri kijana akilalamika kuhusu chuo, msikilize vizuri: mara nyingi anayemkera ni mkuu wa idara. Huyo ndiye anayegawa vipindi. Ndiye anayeamua nani abebe darasa la mwaka wa kwanza lenye mamia ya wanafunzi, na nani abaki na semina ya wanafunzi wanane wa uzamili. Faili la kupandishwa cheo nalo huanzia mezani kwake, na wakati mwingine hulala hapohapo.

Lakini wapo wakuu wa aina nyingine. Nani asiyeijua Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani? Aliyekabidhiwa kuiasisi ni Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia mwaka 1963 kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilifunguliwa mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba. Ranger akakusanya vijana: John Iliffe, Isaria Kimambo, Arnold Temu. Mwaka 1966 akaja Walter Rodney kutoka Guyana, ana miaka 24 na shahada ya uzamivu mkononi.

Mwaka 1969 kikatoka kitabu A History of Tanzania. Wahariri wake ni Kimambo na Temu. Profesa aliyekuwa mkuu wao aliandika sura moja tu ndani. Wangapi leo wangekubali hivyo? Wapo wakubwa ambao jina lao lazima litangulie kwenye kila chapisho la idara, hata lile walilolisoma siku ya kulipeleka kwa mchapishaji.

Ranger alipoondoka mwaka huohuo, idara haikuyumba. Miaka ya 1970 wasomi wa mrengo wa kushoto hapohapo Mlimani wakaigeuzia kibao historia ya kizalendo iliyoandikwa na kina Ranger, wakidai imewasahau wakulima na wafanyakazi. Ugomvi ulikuwa mkali, na kazi nzuri ikatoka humo. Mdogo alimkosoa mkubwa hadharani na kesho yake akaingia darasani kufundisha kama kawaida.

Ni kweli, madarasa ya enzi zile yalikuwa madogo, na anayesahihisha rundo la mitihani ya leo ana haki ya kutucheka tukimpa mfano huo. Lakini mzigo unaogawanywa kwa haki haumvunji mtu moyo kama ule unaotupwa kwa asiye na mtetezi. Mhadhiri msaidizi anayepangiwa vipindi vyote vya jioni, huku akitakiwa amalize tasnifu yake, hachukui muda kujua anathaminiwa kiasi gani.

Katika vyuo vya umma Tanzania utendaji sasa unapimwa kwa PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS. Mhadhiri anajaza majukumu yake, msimamizi anaidhinisha. Mfumo unaweza kuhesabu vipindi na machapisho. Semina ya idara iliyokufa kwa sababu mkuu hapendi kuulizwa maswali haina pa kujazwa.

Wanafunzi huwatathmini wahadhiri wao kila mwisho wa muhula, na wahadhiri wamezoea, pamoja na manung'uniko yao. Wakuu wa idara nao wapimwe hivyohivyo na walio chini yao, bila majina, na majibu yasomwe na amidi kabla hawajaongezewa muhula wa uongozi.