Nyumba Ndogo, Sufuria Kubwa

Mvua ya Kisii haingoji chakula kiive. Huko Itumbe, kwenye vilima vya majani chai, nilimwona mama akitoka mbio katika jiko la kuni, ugali wa wimbi umefunikwa mkononi, mwavuli ameubana kati ya shavu na bega, akikata ua kuelekea nyumba kubwa walikoketi wageni. Nyumba yenyewe bado mpya: vyumba viwili vya kulala, sebule, mabati ya rangi. Na ndani, hatua chache tu kutoka meza ya kulia, lipo jiko jingine. Lina sinki, lina vigae, lina meko ya gesi. Siku hiyo lilikuwa limehifadhi magunia mawili ya mahindi na baiskeli.

Jiko la baiskeli limenisumbua tangu hapo. Kaunti ya Kisii, kwa hesabu ya sensa ya 2019, ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawiwa wana, na wana wa wana, hadi mengine yamebaki kama ukanda wa chai na migomba. Mahali pa namna hiyo, futi moja ya sakafu ni mali. Vipi basi mtu ajenge majiko mawili, moja la kupikia na moja la kuonyesha?

Fundi aliyeijenga nyumba ile hakuona ajabu. Alinieleza kwamba yeye huanza na sebule, kwa sababu swali la kwanza la mteja ni viti vingapi vitaingia. Kisha vyumba vya kulala. Jiko hupewa kilichobaki.

Nilikuwa nimesoma habari za mtu aliyeanzia upande wa pili kabisa. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Vienna aliyezaliwa 1897, aliitwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926 kusaidia kubuni makazi ya bei nafuu kwa wafanyakazi. Alipofika kwenye jiko hakutazama majumba ya wakubwa. Alitazama treni. Katika behewa la chakula wapishi hubanwa kwenye kijichumba, na bado hulisha abiria wengi bila kugongana viwiko, kwa kuwa kila kitu kimewekwa pale mkono unapofika. Akashika saa, akahesabu hatua na dakika za kila kazi, akachora chumba cha mita 1.9 kwa 3.4.

Humo ndani ndimo nilimopotelea. Unga ulikaa kwenye droo za mti wa mwaloni, mti uliosifiwa kwa kuwazuia wadudu wa unga. Mchele, sukari na nafaka nyingine vilikaa kwenye vidroo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, kila kimoja kimeandikwa jina mbele. Meza ya kukatia ilikuwa chini ya dirisha, ikiwa na nafasi ya kusukumia maganda, na mpishi aliketi kwenye kigoda cha kuzunguka. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Taa iliteleza darini, ikamfuata mpishi. Kabati zilipakwa buluu kwa sababu iliaminika nzi hawaipendi rangi hiyo. Mlango wa kusukuma kando ulifungukia chumba cha kulia, mama aone watoto huku anakoroga. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yalijengwa Frankfurt.

Tena bibi huyu hakujua kupika! Mwenyewe alisimulia hadi uzeeni kwamba kabla ya kuchora jiko lile hakuwahi kuendesha nyumba wala kupika: Vienna alipikiwa na mama yake, Frankfurt alikula mkahawani. Alisisitiza kwamba alilichora kama msanifu, akitaka kumpunguzia mwanamke saa za utumwa wa jikoni. Baadaye aliingia katika harakati za kupinga Wanazi, akakamatwa 1941 na kukaa gerezani hadi vita vilipokwisha, lakini waandishi waliendelea kumuuliza jiko tu. Ilifika mahali akasema angejua hivyo, asingelichora kamwe.

Lawama hazikukosa. Wawili hawakuweza kupika pamoja humo bila kukanyagana. Vile vidroo vya sukari vilikuwa kwenye kimo cha watoto, na watoto ni wale wale popote. Lakini kosa lake kubwa, kama ni kosa, ni kwamba alipima chakula cha kwao. Sufuria ya familia ya Frankfurt ilikuwa ndogo.

Ya Itumbe si ndogo. Ugali wa wimbi wa watu kumi una uzito wake. Mama huketi kwenye kigoda au huinama, hubana sufuria isizunguke juu ya mafiga, halafu hugeuza unga kwa mabega na mgongo mzima. Ipandishe sufuria hiyo juu ya meko ya gesi yaliyofika kiunoni, na nguvu yote ya mgongo inapotea. Mboga ya chinsaga nayo ina masharti yake. Huchemshwa taratibu, huongezwa maziwa, hulazwa, kesho hurudi motoni na maziwa mengine hadi uchungu ulainike. Chungu cha namna hiyo kinataka mahali pa kulala karibu na majivu yenye joto. Kwa bei ya gesi, nani atathubutu?

Nyumba ya zamani ya Abagusii, wenyeji wa Kisii, ile ya mviringo, iliujua moto wa namna hiyo. Ilikuwa nyumba ya mke, kila mke na yake. Moto ulikuwa upande mmoja, mume na wageni wake upande wa pili, paa moja. Chakula kilivuka ukuta wa ndani, hakikuvuka ua. Lakini moshi nao ulikuwa humo humo, machoni na vifuani mwa akina mama, na sioni sababu ya kuwalaumu waliouhamishia nje.

Jambo moja hapa halijanitoka. Mkuu wa Lihotzky kule Frankfurt, Ernst May, alikuja kuishi kwetu. Alihamia Tanganyika 1934 akawa mkulima, kisha akafungua ofisi Nairobi. Ndiye aliyechora hoteli ya Oceanic ya Mombasa, na miaka ya 1940 alibuni nyumba ndogo za vipande vya zege kwa ajili ya Waafrika. Je, mtu aliyesimamia jiko lililopimwa kwa saa aliwahi kuketi na mwanamke wa huku akamtazama akisonga ugali?

Na kama chungu cha chinsaga kinataka joto la kulalia, jiwe la sabuni la Tabaka, hapa hapa Kisii, je? Ufini hujenga meko kwa jiwe la aina hiyo hiyo kwa sababu hutunza joto kwa saa nyingi baada ya moto kuzimika. Sisi tunalichonga vifaru tukawauzia watalii.

Fundi wangu wa Itumbe ana maelezo mafupi kuliko yangu. Anasema pesa za nyumba hutoka Nairobi au Minnesota, Marekani, na ramani huingia kwa WhatsApp. Mama mpishi huulizwa rangi ya vigae wakati kuta zimeshasimama. Safari moja alishauri paa lirefushwe nyuma hadi lifunike njia ya jiko la kuni, nguzo mbili na mabati machache tu. Akajibiwa kwamba nyumba itaharibika sura kwenye picha.

Sasa ana ramani nyingine mkononi, ya nyumba ya chumba kimoja cha kulala, jiko limebanwa nyuma ya bafu. Amemwandikia mwenye nyumba kumuuliza ni nani atakayepika humo, na atapika nini. Mwenye nyumba amemrudishia picha ya seti ya viti.