Mkono wa turu ukikataa

Wengi wenu wanauliza kwa nini turu ya atelye yetu ilifungwa siku nne. Haikuvunjika. Mkono wa kubadilisha vitesi ulikuwa unakataa, na tulitaka kujua unakatalia wapi mbele ya kuulazimisha. Turu iko moja tu, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanangoja mtihani wa kazi. Kwenye atelye moja ya hapa Kolwezi, mtu alivalisha mkono wa namna hii bomba refu, akavuta kwa nguvu. Uma wa bronzi, ule unaosukuma magurudumu ya meno ndani ya bwate, ukakatika. Masini ikalala. Na katika mji huu wa shaba, tangu wakati wa Union Minière mpaka Gécamines, kazi ya turneri haikosi: pampu na malori vinakula ekseli kila siku.

Basi tulikata umeme kwanza. Tukasukuma mkono pole pole, huku mwenzetu anazungusha mandreni. Mara nyingi meno yanakutana ncha kwa ncha. Gurudumu likigeuka kidogo tu, yanaingia. Kama ni hivyo, hakuna ugonjwa. Lakini msibadilishe vitesi masini ikizunguka! Ncha za meno zinalika, zinaota miba, halafu zinakataa kweli.

Yetu ilibaki ngumu. Swali la pili: inakataa vitesi moja ao zote? Ikiwa moja, tazama meno ya gurudumu lile na njia yake juu ya ekseli. Ikiwa zote, shaka iko kwenye mafuta ao kwenye ekseli ya mkono wenyewe. Yetu ilikataa zote, zaidi asubuhi. Saa sita ya mchana ililegea. Kolwezi iko juu, kupita metre 1 400, na tangu mwezi wa 5 mpaka wa 7 asubuhi ni baridi. Mafuta mazito yanaganda sawa bukari ya jana.

Tukafungua kifuniko, tukaachanisha mkono na uma. Uma uliteleza kwa kidole. Mkono peke yake ulibaki mgumu: ugonjwa ulikuwa pale. Mtu alisukuma grese katika tundu la mafuta, ikachanganyika na vumbi la barabara, ikakauka sawa gundi.

Mafuta ya bwate nayo tuliyamwaga katika sahani nyeupe. Yakiwa meupe sawa maziwa, maji yameingia. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni chuma cha meno. Vya manjano visivyoshikwa ni bronzi, uma ao bushi inakwisha. Hatukuona hata kimoja, ila mafuta yalikuwa namba 140, ya magari, mazito mno.

Ekseli ya mkono ililala usiku mzima katika petroli ya taa (esansi hapana, inaleta moto). Tukaitoa kwa kuigonga na kipande cha mti, tukaisugua kwa karatasi laini ya msasa yenye mafuta, bila kula chuma, tukasafisha tundu lake kwa waya. Ndani ya bwate tulitia namba 68, sawa kibao cha masini kinavyosema, mpaka nusu ya kioo. Ikazunguka dakika 10 pole pole bila kazi.

Mkono sasa unaingia kwa vidole viwili, hata saa moja ya asubuhi. Wa mwaka wa mwisho wanaanza tena siku ya kwanza.