Mabeki hawakumweza, pombe ilimweza

Msomaji, mashabiki wa Manchester United wanalijua jina la George Best. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, aliisaidia klabu hiyo kunyakua Kombe la Ulaya, akatawazwa mwanasoka bora wa bara hilo. Nje ya uwanja, pombe iliharibu ini lake. Mwaka 2002 alipandikiziwa jingine, lakini akarudia chupa. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 59.

Ini huumia kimyakimya. Usingoje macho yawe manjano, tumbo livimbe au utapike damu. Ikiwa unakunywa sana kila siku, usiache ghafla peke yako, kwani unaweza kupatwa na kifafa. Mwone daktari mapema. Uraibu ni ugonjwa, si aibu.