UJUMBE WA TAHADHARI KATIKA MITANDAO YA KOMPYUTA

Ofisi iliyounganisha kompyuta zake kwa mtandao huhitaji programu ya kuusimamia mtandao huo, yaani mlinzi asiyelala, ambaye kila baada ya dakika chache huziuliza swichi, ruta na seva iwapo zingali zikifanya kazi. Chombo kisipojibu, programu hupeleka ujumbe wa tahadhari kwa fundi wa zamu, kwa barua pepe au kwa simu. Mlinzi huyo, hata hivyo, huja na maneno ya kiwandani, na aghalabu maneno hayo hayamfai anayeyapokea.

Mathalani, swichi inayotumia itifaki ya SNMP, iliyoanza mwaka 1988, hutoa tahadhari iitwayo linkDown pindi waya wa tundu mojawapo unapokatika. Tahadhari hiyo hutaja nambari ya tundu na hali yake, tuseme 17. Haielezi kwamba tundu hilo ndilo linalolisha dirisha la malipo, wala kwamba wananchi waliopanga foleni tangu asubuhi hawatahudumiwa. Fundi mgeni, au aliyeamshwa usingizini, hana budi kwanza kulitafuta daftari la matundu, na daftari lenyewe huenda limefungiwa kabatini.

Programu nyingi huruhusu maneno hayo yabadilishwe. Katika Nagios, iliyoanzishwa na Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ujumbe huandikwa ndani ya faili la amri, na kila jambo linalobadilika huwekewa neno lililozungukwa na alama ya dola: $HOSTALIAS$ kwa jina refu la chombo, $HOSTSTATE$ kwa hali yake, $SHORTDATETIME$ kwa tarehe na saa. Programu huyajaza yenyewe wakati wa kutuma. Kwa njia hiyo fundi anaweza kusoma: "Swichi ya dirisha la malipo, ghorofa ya kwanza, haijibu. Angalia umeme, kisha waya." Jina refu sharti liandikwe na anayelijua jengo.

Saa ndiyo iletayo fitina kubwa kuliko yote. Vyombo vingi hutunza saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Tukio la saa 8:10 usiku huandikwa 23:10 ya tarehe iliyotangulia. Hata likisahihishwa huwa 02:10, na msomaji aliyezoea saa za Kiswahili huweza kudhani ni saa 2:10 za usiku, akakosea kwa saa 6. Inafaa basi ujumbe wenyewe utaje kwamba saa hiyo ni ya mpangilio wa saa 24. Tarehe nayo ina mtego wake, kwani Nagios isipoelekezwa hutanguliza mwezi kwa desturi ya Marekani, na 03/04 ikawa tarehe 4 Machi.

Kwa simu, ujumbe mmoja huchukua herufi 160. Jambo dogo lakini la kuudhi ni ritifaa. Jina kama Ng'ambo likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe, ujumbe wote hubanwa hadi herufi 70 na kukatwa vipande. Ritifaa iliyonyooka haina dhara.

Linalosahaulika zaidi ni ujumbe wa kutangua. Tarehe 13 Januari 2018, saa 2:07 asubuhi, mamlaka ya dharura ya visiwa vya Hawaii ilituma kwa makosa tahadhari ya kombora katika simu za wakazi. Sahihisho lilifika katika simu hizo baada ya dakika 38, na miongoni mwa sababu za kuchelewa ni kuwa hapakuwa na maneno ya kusahihisha yaliyotayarishwa kabla. Mfumo ule ulikuwa wa kuwatahadharisha raia, si wa kusimamia mitandao, lakini upungufu wa namna hiyo umo katika ofisi nyingi. Chombo kikirejea, Nagios hutuma taarifa yenye neno RECOVERY tu katika nafasi ya $NOTIFICATIONTYPE$. Karani wa dirishani asiyelifahamu neno hilo huendelea kuwarudisha watu majumbani ilhali mtandao umekwisha kurejea. Faili la amri lina nafasi ya kutosha kuandika: "Dirisha la malipo limefunguka, pokeeni wananchi."