Kwa nini bima ya hiari hufilisika

Tangu Bunge la Tanzania lipitishe sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, swali moja haliwaishi wasomaji: mtu asiyeumwa hata kichwa, kwa nini alazimishwe kukata bima? Wengine huahidi kujiunga siku wakiugua. Wapo pia wanaoona kukata bima ni kujitabiria maradhi, kana kwamba malaria husubiri kadi itoke.

Hao wa "siku nikiugua" wanahitaji jibu refu, maana ndio wanaoiua mifuko.

Chukua kata yenye wanachama 1,000, kila mmoja akichanga shilingi 10,000 kwa mwaka. Mfuko una milioni 10. Wakiugua 100 na kila mmoja akagharimu 100,000, hesabu imekaa sawa. Mwaka unaofuata, watu 300 wenye afya njema wanapiga hesabu zao, wanaona pesa "imeliwa bure", wanajitoa. Wagonjwa hawaendi popote. Gharama imebaki milioni 10 ileile, wachangiaji ni 700, kwa hiyo mchango unapanda hadi kama 14,300. Kwa bei hiyo wanaondoka wazima wengine 200, na waliobaki wanadaiwa 20,000 kila mmoja. Mwaka wa tatu wanaobaki ni wagonjwa na wenye hofu. Hakuna aliyeiba hata senti, na mfuko umekufa. Watu hukimbilia kusema fedha zimetafunwa, na mara nyingine ni kweli, lakini hesabu hii inaua hata mfuko unaosimamiwa na malaika.

Watanzania wameishuhudia kwenye Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya watoto. Mzazi alilipa shilingi 50,400, mtoto akatibiwa mwaka mzima. Mwenye mtoto wa selimundu au tundu kwenye moyo alikuwa wa kwanza kufika dirishani, na hakumkosea mtu. Yule ambaye mwanawe hukohoa mara moja kwa mwaka alibaki nyumbani. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha usajili wa mtoto mmojammoja na kuwataka wazazi wapitie shuleni, kwa sababu shule huwaleta wazima na wagonjwa kwa pamoja. Kelele zilikuwa kubwa. Waliobeba maumivu ni wazazi wa watoto wagonjwa ambao hawajafika umri wa shule.

Thailand nayo iliuza kadi ya hiari, baht 500 kwa kaya, ikaugua ugonjwa huohuo. Mwaka 2002 ikaachana na kukusanya michango ya watu wa sekta isiyo rasmi, ikawalipia kwa kodi. Mgonjwa akifika hospitali alitoa baht 30. Rwanda ilianza majaribio katika wilaya tatu mwaka 1999, ikaifanya bima kuwa lazima kwa sheria, na tangu 2011 mwenye uwezo huchanga zaidi huku fukara akilipiwa. Ghana imeweka tozo ya bima ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, kwa hiyo hata muuza nyanya asiye na hati ya mshahara anachangia anaponunua sabuni. Kila nchi imepita njia yake, lakini hakuna iliyomwachia mzima hiari ya kukaa pembeni.

Kuna kundi jingine, la wauza chupa za "dawa ya magonjwa 40" kwenye minada na redioni, wanaowaambia watu kwamba anayesafisha damu hahitaji bima. Waulizwe mitishamba yao inamfanyia nini mama ambaye mtoto amekaa vibaya tumboni saa nane za usiku.

Ushauri ni mfupi: jiandikishe ukiwa mzima, iandikishe kaya nzima, uliza kwa mtendaji wa mtaa kifurushi kinagharamia nini na hospitali zipi. Asiye na uwezo aulizie utaratibu wa kulipiwa.

Wasomaji wanaolalamika kwamba kadi wanayo ila zahanati haina dawa wana hoja. Thailand ilianza kuwapeleka madaktari wapya vijijini kwa lazima mwaka 1972, ikajenga hospitali za wilaya miaka yote iliyofuata. Baht 30 zilikuja miaka 30 baadaye, zikakuta pa kutumika.