Chennai: kituo cha yoga ambapo kila mgonjwa ana mazoezi yake

Mama anayevusha mizigo Petite Barrière, mjini Goma, hana mgongo sawa na wa karani anayekaa siku nzima mbele ya kompyuta. Basi kwa nini wote wawili wafundishwe mazoezi yaleyale?

Krishnamacharya Yoga Mandiram, kituo kilichofunguliwa mwaka 1976 huko Madras, mji wa India unaoitwa leo Chennai, kilikataa jambo hilo tangu mwanzo. Mwalimu anakaa na mgonjwa peke yake, anamuuliza kuhusu usingizi, kazi na maumivu, anaangalia anavyopumua, halafu anampangia mazoezi ya kufanya nyumbani. Mwenye goti bovu anaweza kufanyia kwenye kiti.

Mwanzilishi, T.K.V. Desikachar, alisomea uinjinia. Yoga ya baba yake, mzee Krishnamacharya, haikumvutia. Siku moja, mapema miaka ya 1960, aliona mwanamke mzungu akishuka kwenye gari na kumkumbatia mzee huyo mbele ya watu. Kwa familia ya Kibrahmani, aibu tupu! Kumbe mama huyo alikuwa amekosa usingizi kwa muda mrefu, na usiku uliotangulia alilala bila dawa. Kijana akaacha kazi, akawa mwanafunzi wa baba yake.

Kwa wakaaji wetu wenye mgongo ulioumia, kwanza ni hospitali. Baadaye, ukipata mwalimu wa yoga, sikiliza kama anakuuliza kitu kabla ya kukuinamisha.